Taarifa ya Kazi Imfikie Kila Mfanyakazi

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu wenye sifa za kazi. Sheria hiyo ni njema. Lakini kumpa mtu kiti na meza ni jambo moja. Kumpa habari za kazi yake ni jambo jingine, na hilo la pili halijatiliwa mkazo wa kutosha.

Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela ina makao yake Buswelu, lakini eneo lake halikomi ufukweni, kwani kisiwa cha Bezi kimo ndani yake. Mbele zaidi ziwani iko Wilaya ya Ukerewe, ambako wanaishi wananchi wengi wenye ualbino. Wengi wao wana uoni hafifu, na macho yao hayastahimili mwanga mkali. Tangazo la herufi ndogo, lililobandikwa ukutani penye jua, haliwafai kitu. Kadhalika kiziwi anayesoma midomo haambulii neno katika mkutano ambao mwenyekiti wake anazungumza akiwa ameupa ukumbi mgongo. Na mtumishi aliye kisiwani, ambaye barua ya wito inamfikia baada ya mkutano kwisha, naye ametengwa, ingawa macho na masikio yake ni mazima.

Mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Mzee Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Shabaha ilikuwa moja: mwananchi aelewe anachoambiwa. Shabaha hiyo haitatimia iwapo Kiswahili chenyewe kinawafikia wanaosikia na kuona vizuri peke yao.

Wako watakaosema kwamba fedha hazitoshi. Sisi hatukubaliani nao. Kuandika kwa herufi kubwa kunaongeza karatasi chache tu. Kusoma tangazo kwa sauti, kuwatazama wasikilizaji, na kugawa maazimio kwa maandishi kabla watu hawajatawanyika, hakuna gharama ya kutisha. Mkalimani wa lugha ya alama na maandishi ya nukta nundu vinahitaji fedha, ni kweli. Basi vitengewe fungu katika bajeti, kama yanavyotengewa mafuta ya boti.

Tunawaomba wakuu wa idara wasingoje waraka kutoka juu. Kila mmoja awaulize watumishi walio chini yake, wa nchi kavu na wa visiwani, ni kwa njia gani habari huwafikia, kisha arekebishe panapohitajika. Si haki kumlaumu mfanyakazi kwa kutotekeleza uamuzi ambao hakuelezwa kwa namna anayoweza kuielewa.