Mlicheka Syril alipokufa, mimi nilinyamaza

Kama hujaona episodi ya nane ya Andor, msimu wa pili, toka hapa sasa hivi ukaione, halafu urudi. Sitaficha kitu. Nimewapa siku tano na hizo zinatosha, hata jamaa wa duka la muvi hapa mtaani alikuwa nayo Jumatano kabla ya saa nne asubuhi na alikuwa anauza kwa bei ya chapati mbili. Na Disney+ haijafika Kenya, kwa hivyo asije mtu hapa kuniuliza maswali ya kituo cha polisi.

Sasa. Tangu Jumatano simu yangu haijapumzika. Kila mtu ananitumia kitu kimoja: picha ya uwanja wa Palmo upande huu, picha ya Bunge letu upande ule, na chini yake mtu ameandika "hii ni sisi" au "25 Juni" peke yake bila maneno mengine. Mwingine amechukua wale watu wa Ghorman wakiimba wimbo wao wa taifa, akaondoa sauti yao, akaweka sauti ya umati wetu mwaka jana. Niliona hiyo video nikiwa kwa matatu na nikashuka stejini pasipo pangu. Sijui nani alitengeneza lakini ni kazi safi.

Wacha niseme mapema kwamba sibishani na hao. Najua Tony Gilroy hakuwa anatufikiria sisi alipotengeneza hii kitu. Walimaliza kurekodi Februari 2024, miezi minne kabla hata Mswada wa Fedha kututoa kwa nyumba. Lakini angalia wiki yenyewe tuliyoionea. Tarehe 28 Aprili BBC walitoa Blood Parliament, ile makala inayoonyesha nani alipiga risasi wapi pale nje ya Bunge. Tarehe 2 Mei watengenezaji filamu wanne wakakamatwa Nairobi usiku, wakaachiliwa kesho yake bila mashtaka. Halafu tarehe 7, saa kumi alfajiri saa zetu, inatoka episodi ambapo serikali inaua watu uwanjani na watangazaji wa habari wako palepale wakisema waliouawa ndio walioanza. Ulitaka Mkenya afikirie nini? Bustani?

Kuna wale wa "acheni kuingiza siasa kwa Star Wars." Hao siwapi aya nzima. George Lucas mwenyewe amesema waasi wake aliwachora akiwafikiria wapiganaji wa Vietnam, na Himaya ni Marekani. Siasa ilikuwa ndani kabla hujazaliwa, kaka. Endelea kununua vile vipanga vya taa.

Shida yangu iko kwingine, na iko na sisi tunaosema "hii ni sisi." Nimesoma komenti nyingi sana wiki hii na kila mtu ni Cassian. Kila mtu. Wachache ni Luthen kwa sababu wanapenda kujiona wana siri. Wasichana wengi ni Mon Mothma kwa sababu ya ile hotuba ya episodi ya tisa, na kwa kweli hiyo hotuba, siwalaumu. Lakini sijaona mtu hata mmoja akisema "mimi ni Syril." Syril mnamcheka tu. Ati mtoto wa mama, ati alipenda boma kuliko akili, ati amekufa kama alivyoishi, hajulikani na mtu.

Turudi nyuma kidogo kwa wale wamesahau. Ghorman ni sayari ya watu wa vitambaa. Wana buibui, wanatoa hariri, wanavaa vizuri, wako na pesa kiasi. Chini ya ardhi yao kuna madini Himaya inayataka kwa ile silaha yake kubwa, na kuyachimba kutaharibu sayari yote. Kwa hivyo mwanzo kabisa wa msimu, Krennic anaita mkutano, na hapo hawaanzi na bunduki. Wanaanza na maneno. Kuna watu wa propaganda mezani, wamependeza, wanajisifu vile wanaweza kufanya galaksi nzima iwachukie Waghorman: wana maringo, wanajiona, wamezoea raha. Ukishafanya watu waamini hivyo, siku ya risasi hakuna atakayelia.

Niliposikia hiyo mara ya kwanza nilisimamisha lapi.

Kwa sababu mnakumbuka Juni 2024. Mnakumbuka ile hadithi ya kwamba hawa vijana wanakuja maandamano na Uber, wameshika iPhone, na wakichoka wanaenda kula KFC. Watoto wa matajiri. Hawajui shida. Wametumwa na watu wa nje. Mlikasirika, mkaicheka, mkaigeuza kuwa mzaha. Mlidhani imetoka kwa mdomo wa mwanasiasa tu na ikajisambaza yenyewe kama homa.

Haikujisambaza yenyewe. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosambaza.

Nilikuwa nimeacha chuo miezi kadhaa kabla, mwaka wa pili, karo ilikataa. Chaneli yangu ilikuwa na watu mia tatu na kitu, nusu yao ni wa kanisa la mama. Jamaa niliyemjua akaniweka kwa grupu ya WhatsApp. Hakuna aliyesema anatoka wapi. Asubuhi saa kumi na mbili maneno yanaingia, yako kumi au kumi na tano, na hashtegi yake. Kazi yako ni kuyageuza kidogo yasifanane na ya mwenzako, uposti kwa akaunti zako mbili tatu, na hashtegi iwe imepanda kabla ya saa tatu. Shilingi 1,200. Inaingia kwa simu jioni, wala hakuna anayekupigia. Baadaye nilipata ripoti ya Mozilla ya 2021 kuhusu hii biashara, ikisema watu Kenya walikuwa wanalipwa kama dola 10 hadi 15 kwa siku. Nikapiga hesabu nikakuta hata huko kwa uovu nilipunjwa.

Nilifanya siku nne. Ya KFC nilifanya vizuri zaidi kwa sababu mimi ni mcheshi. Hiyo ndiyo sehemu sipendi kuikumbuka. Sikuambiwa niongeze utani, niliongeza mwenyewe, nikafurahi ikipata laiki.

Sasa rudi kwa Syril Karn. Huyu jamaa alianza kama afisa mdogo wa usalama wa kampuni, akafutwa, akarudi kwa mamake, akapata kazi ya ofisi anayoichukia. Halafu Dedra anampeleka Ghorman. Anamwambia ajifanye rafiki wa waasi, amsaidie kushika wachochezi kutoka nje. Na Syril anaamini kabisa kwamba kuna wachochezi kutoka nje. Hafanyi kwa chuki. Anafanya kwa sababu kuna mtu mkubwa hatimaye amemwona, amempa kazi, amemwambia wewe ni wa maana. Siku ya mwisho anapogundua ukweli, kwamba hakuna wachochezi wowote, kuna madini tu na mpango wa kuua watu, anamshika Dedra koo. Kisha anatoka nje katikati ya watu wanaokufa na hajui ashike upande gani. Mkono wake hauna chochote cha kufanya. Kyle Soller anacheza hapo kwa uso peke yake na mimi nasema apewe tuzo zote.

Halafu anamwona Cassian. Mtu aliyemwinda miaka yote, aliyempotezea kazi, aliyejenga maisha yake yote kumzunguka. Wanapigana hadi Syril anamshinda, amemwelekezea bunduki. Na Cassian anamwangalia anamuuliza yeye ni nani.

Hamjui! Mtu umeharibu maisha yako kwa ajili yake na hajawahi hata kusikia jina lako. Bunduki inashuka, na hapohapo Rylanz, yule mzee wa hariri aliyemwamini Syril akadanganywa, anampiga risasi.

Mlicheka hapo. Najua kwa sababu tuliangalia kwangu tukiwa watano na wanne walicheka. Binamu yangu alicheka zaidi, akapiga goti, akasema "amekufa bila jina, mbwa huyu."

Huyu binamu tarehe 25 Juni alikuwa tao. Hakuwa anajibu simu kuanzia saa tisa, na jioni intaneti ikayumba nchi nzima, mamake akawa anazunguka sebuleni kama kuku. Alifika nyumbani saa tatu usiku na kiatu kimoja, macho yamevimba kwa gesi. Hakulia. Alikuwa na hasira ya ajabu, ya kuongea polepole. Alisema, "Wanatuita watoto wa KFC. Mimi nimetoka Kariobangi kwa miguu kwa sababu sina nauli." Nilimpea maji. Nilikuwa na zile 1,200 kwa simu, zilikuwa zimeingia siku mbili kabla. Nilitoka kwa ile grupu usiku huohuo na kufuta kila posti, na sijui kama hiyo inahesabika kuwa kitu. KNCHR ilihesabu watu 60 waliouawa kwa maandamano ya mwaka huo. Mimi sikumuua mtu. Syril pia hakuwa amemuua mtu pale uwanjani, ukitaka kuwa mkali na hesabu.

Najua vile baadhi yenu mtajibu, kwa sababu nimeona mkimjibu hivyo mtu mwingine aliyejaribu kumtetea Syril: alichagua. Ni kweli, na mimi pia nilichagua. Sisemi asamehewe na sisemi nisamehewe. Kuna mtu mmoja tu wa kuniambia hayo na si nyinyi. Ninachosema ni kwamba mkimcheka tu mnapitwa na nusu ya kile Gilroy anawaonyesha. Krennic hawezi kuandika posti elfu moja kwa asubuhi moja. Dedra hawezi kukaa mkahawani na Waghorman wakamwamini. Wanahitaji kijana aliyekwama, mwenye kodi ya nyumba, anayetaka sana kuonekana wa maana. Ukiangalia mtaa wetu huu tu, hao wako wangapi? Mimi ninajua sita kwa majina, na wawili wao wameposti "hii ni sisi" wiki hii wakiwa na picha ya Cassian. Nimewalaiki. Ningesema nini?

Na mama yake. Hakuna anayezungumza kuhusu Eedy, ilhali mimi ndiye aliyenimaliza. Huyu mama msimu mzima amemeza habari za Himaya kama uji, anamhubiria mwanawe jinsi Waghorman walivyo wabaya, na mwanawe ndiye anajua ni uongo na hawezi kumwambia vizuri. Mwisho wa episodi ameketi mbele ya habari zilezile akilia. Mama yangu naye alinitumia ile ya KFC. Wangu mwenyewe! Ilikuwa imezunguka grupu za shangazi ikarudi kwangu na alama ya kutumwa mara nyingi, na utani wangu ukiwa ndani, neno kwa neno. Aliniandikia chini, "Hawa watoto hawana adabu, mshukuru Mungu wewe si kama wao." Nikamjibu kwa emoji ya mikono iliyokunjwa.

Kwa hivyo mkiweka tena hizo picha mbili kando kwa kando, uwanja wa Palmo na Bunge, mimi ningependa kuona ya tatu. Jamaa kitandani saa kumi na mbili asubuhi, blanketi hadi kiunoni, anabadilisha maneno ili yasifanane na ya mwenzake.

Binamu nilimtumia hii posti jana usiku kabla ya kuiweka hapa, kwa sababu haikuwa sawa aisome pamoja na nyinyi. Tiki zimekuwa za buluu tangu saa nne. Hajasema kitu. Lakini episodi za mwisho, ya 10 hadi ya 12, zinatoka Jumatano hii alfajiri, lapi ni yangu, na leo asubuhi jamaa wa duka la muvi ameniambia kuna mtu wa Kariobangi amepita kumuuliza zitakuwa tayari saa ngapi.