Risasi za Januari

Komeo lilikataa kufunguka. Mwenzangu alilipiga kwa kiganja mara mbili, tatu, na ganda lilipotoka, fataki yake ilikuwa imebonyea bapa kama sarafu. Ilikuwa Julai, mashariki mwa Montana, nami nilisimama hatua chache nyuma yake. Risasi zile alizijaza mwenyewe Januari, nje kukiwa na theluji, na siku hiyo zilikuwa zimeshinda kwenye dashibodi ya gari tangu asubuhi.

“Joto tu hilo,” akasema.

Joto tu! Nasomea uzamili wa kemia na maneno hayo bado yananikera. Baruti isiyo na moshi ni nitroselulosi. Ikiwa imepata joto kabla ya kuwashwa, huungua haraka zaidi, na shinikizo ndani ya chemba hupanda. Ganda dogo kama la .223, likiwa tayari limejazwa hadi mwisho wa kipimo, halina msamaha.

Kwa nini aliichagua baruti ile? Kwa sababu ni ya punje za mviringo, inateleza kwenye kipimio kama mtama mkavu, na kitabu kinaipa kasi ya kuvutia. Varget na H4895 ni baruti za vijiti, zinatengenezwa Australia, na sifa yake kuu ni kutoyumba sana kwenye joto wala baridi. Lakini vijiti hukwama kwenye kipimio. Inabidi kupima kwa mizani, ganda moja moja. Wawindaji wa kindi wa ardhini, wanaotaka risasi 500 kwa wikiendi moja, hawana subira hiyo. Nawaelewa. Niliwahi kujaza 200 usiku mmoja, na kesho yake mgongo ulinisuta. Ila uchovu wa vidole haubadilishi kemia.

Tamaa ya kasi ina historia yake. Mwaka 1964 jeshi la Marekani, likishikilia futi 3,250 kwa sekunde kwa risasi ya M16, liliiacha IMR 4475 na kuidhinisha WC846, ya mviringo. Bunduki ikafyatua haraka kuliko ilivyobuniwa, ikajaa masizi, ikakwama mikononi mwa askari Vietnam, hata kamati ya Bunge ikachunguza mwaka 1967. Kosa pale halikuwa joto, wala baruti haikuwa peke yake: chemba hazikupakwa kromi. Lakini aliyechagua alitazama namba ya kasi kwanza.

Nanyi mlionunua kopo lenye sifa ya uimara, msicheke. Baruti ile ile inaweza kutulia kwenye .308 na kuyumba kwenye .22-250. Shusheni kipimo, pimeni mwendo siku ya baridi na siku ya jua, kwenye bunduki yenu wenyewe.

Mwenzangu alibakiwa na risasi 80. Nilimwomba azivunje. Amezihifadhi kabatini, anasubiri baridi irudi.