Kabla ya Kununua Dawa, Jua Bakteria Wako Anapumua Vipi

Vijana wenzangu mnaofuga kuku wa nyama, leo nina neno moja, na mnisamehe likiwachoma. Wengi wenu mnatibu kwa jina la dawa, hamtibu ugonjwa. Kuku wakianza kuharisha mnakimbilia duka la dawa za mifugo, mnaomba "ile ya kuharisha", mnakoroga kwenye maji. Ikigoma, mnaongeza dozi. Ikigoma tena, mnasema dawa ni feki. Mara nyingine dawa ni nzima kabisa, ila kwa huyo bakteria haina pa kuingilia.

Twende taratibu. Bakteria ni kiumbe hai, anakula na anatafuta nguvu kama kuku wako. E. coli akipata oksijeni anaitumia kupumua, na ikikosekana anabadili njia, maisha yanaendelea. Lakini yupo Clostridium perfringens, yule anayeozesha utumbo wa kuku, hasa wiki ya 2 hadi ya 5. Huyu hatumii oksijeni kabisa. Anapata nguvu kwa kuchachusha sukari, na gesi inayotoka inachangia kuvimbisha utumbo. Akipata mazingira mazuri anagawanyika kila dakika 10 hivi: mmoja anakuwa 64 kwa saa moja, na zaidi ya 4,000 kwa saa mbili. Ndiyo maana jioni banda liko sawa, asubuhi unaokota mizoga.

Sasa sikiliza hapa. Neomaisini, jentamaisini na streptomaisini haziwezi kufanya kazi mpaka ziingie ndani ya bakteria, na kinachozivuta ndani ni nguvu ya umeme mdogo anaouzalisha kwenye utando wake anapopumua. Clostridium hapumui hivyo, kwa hiyo dawa inabaki nje. Ukimnywesha kuku neomaisini kwa ugonjwa huu, hela yako imeenda na maji.

Amoksilini inaweza kumpata, kwa sababu inavuruga ujenzi wa ukuta wake anapokua. Lakini usishangilie mapema. Huyu bakteria anajifungia kwenye mbegu ngumu ndani ya maranda. Ndani ya mbegu hakui wala hajengi kitu, hivyo dawa haina cha kuvuruga. Unamaliza dozi, kuku wanapona, na mbegu zinasubiri vifaranga wajao.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: pambana na chakula chake kwanza. Clostridium hawezi kujitengenezea sehemu kubwa ya viini vya protini anavyohitaji, lazima avipate humo tumboni. Anayemwandalia karamu ni mfugaji mwenyewe. Ukizidisha dagaa kwenye chakula, protini isiyosagika inamfikia yeye. Ukiacha koksidiosisi ichubue utumbo, majimaji ya damu yanayovuja ni mlo mwingine. Basi dhibiti koksidiosisi, maranda yawe makavu, rekebisha vinyweshea vinavyovuja, na usibadilishe chakula ghafla.

Najua utaniambia: "Bwana shamba, kuku wanakufa sasa hivi, maabara watachukua siku." Ni kweli. Lakini kumpasua kuku aliyekufa muda huo huo hakuchukui hata dakika 15. Mwite daktari wa mifugo au mtaalamu wa mifugo wa kata. Akikuta utumbo mwembamba umejaa gesi, na ndani umekwaruza kama taulo chakavu, tayari ana pa kuanzia. Atakuandikia dawa ya kuanza nayo wakati sampuli iko njiani kwenda maabara ya mifugo. Majibu yakija, mnarekebisha.

Na jambo la biashara msilisahau. Kuku wa nyama anauzwa wiki ya 5 au 6. Ukimpa antibayotiki wiki ya 4, zile siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti zinakula ratiba yako, na chakula kinaendelea kuliwa. Ukiuza kabla, mabaki ya dawa yanaishia kwenye sahani ya mteja. Ukitumia dawa isiyofaa, umelipa mara mbili, na umewafundisha bakteria wengine tumboni kuizoea.

Kabla hujatoa hela dukani, uliza swali moja: mdudu huyu ni nani, na anaishi kwa nini? Muuzaji akishindwa kukujibu, funga pochi, piga simu kwa mtaalamu.