Zabibu Yenye Jina la Kwao

Mwanafunzi wa Ogembo akiulizwa habari za zabibu za mvinyo, aghalabu hutaja Ufaransa. Ni nadra kumtajia Makutupora, zabibu nyekundu ya Dodoma katika nchi jirani ya Tanzania, itengenezwayo mvinyo mwekundu. Jina lake ni la mahali penye kituo cha utafiti wa zao hilo. Huko mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, ilhali ile ya Ulaya, inayolala wakati wa baridi, huvunwa mara moja.

Zao lenye jina la kwao hutangaza asili yake popote lendako. Je, sisi wa Gusii? Ndizi zetu ni za aina nyingi, nazo zina majina kwa Ekegusii. Lakini watoto wengi huziita zote "ndizi" tu. Jina likifa, hufa nalo ujuzi: ipi ni ya kupika, ipi ni ya kuivisha.

Walimu, watumeni wanafunzi kwa babu na nyanya zao wakayaandike majina hayo kabla hayajazikwa. Mwacha mila ni mtumwa.