Majivu ya mpunga yafike kwa mafundi wa Kariobangi

Vijana wanaoyeyusha alumini kule Kariobangi Light Industries hawangojei mtu awafunze kazi. Pistoni kuukuu, rimu zilizopasuka, sufuria zilizotoboka, zote zinaingia kwenye tanuri na kutoka zikiwa puli za mashine ya posho au sufuria mpya. Shida huja baadaye. Alumini ni laini. Mkanda ukizunguka kwenye puli siku nzima, mfereji wake unalika, mkanda unaanza kuteleza, na mwenye mashine anarudi akidai pesa zake. Fundi anaitwa tapeli, ilhali kosa ni la madini yenyewe.

Dawa yake si siri. Mapema miaka ya 1980 Toyota ilianza kuimarisha pistoni za injini za dizeli kwa nyuzi za kauri. Gari la Lotus Elise lilipotoka mwaka wa 1996 lilikuwa na diski za breki za alumini iliyochanganywa na chembe za kauri. Kauri kama silikoni kabidi ni ngumu karibu kama almasi. Chembe zake zikitapakaa vizuri ndani ya alumini, ndizo zinazobeba mzigo wa msuguano. Lakini ni ghali, na msee wa karakana hana doo ya kuinunua kila wiki.

Hapo ndipo Mwea inapoingia. Kila kilo 100 za mpunga huacha takriban kilo 20 za maganda. Yakichomwa hadi weusi uishe, hubaki majivu ambayo mara nyingi zaidi ya asilimia 80 ni silika, ile ile iliyo kwenye mchanga na kioo. Nchini Nigeria, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Akure wamechapisha kazi kuhusu alumini iliyotiwa majivu haya pamoja na kauri. Wazo ni rahisi: sehemu ya kauri inaondolewa, majivu yanachukua nafasi yake, gharama na uzito vinashuka. Ukizidisha majivu, ugumu nao unashuka, kwa hivyo kipimo ndicho kila kitu.

Sasa, kabla hujakimbia kujaza gunia, tulia kidogo. Majivu yenye unyevu yakiingia kwenye alumini iliyoyeyuka yanaweza kurusha moto usoni, na hata yasiporusha yataacha matundu ndani ya chuma. Lazima yakaushwe kwa joto kwanza. Tena hayapendi kushikana na alumini. Watafiti huongeza magnesiamu kidogo na kukoroga kwa mashine ili yasigande mafungu mafungu. Chembe ambazo hazijashika zitang'oka kazini na kugeuka msasa kati ya puli na mkanda, na utakuwa umeharibu zaidi ya ulivyotengeneza. Vumbi la silika nalo linaua mapafu polepole. Barakoa si mapambo, bro.

Mambo haya fundi hawezi kuyajua kwa kukisia. Yanahitaji kupimwa, na kipimo chenyewe hakina uchawi: kipande kidogo cha alumini kinakandamizwa juu ya sahani ya chuma inayozunguka, kisha kinapimwa kwenye mizani kuona kimepoteza gramu ngapi.

Ndiyo maana tunasema vyuo vikuu vyetu vya uhandisi, pamoja na taasisi ya utafiti wa viwanda, KIRDI, vifungulie mafundi wa jua kali milango ya maabara hata siku moja kwa mwezi, kwa ada wanayoweza kulipa. Na wewe mwanafunzi wa mwaka wa mwisho unayetafuta mradi, acha kunakili wa mwaka jana. Nenda Kariobangi, omba puli iliyolika, uliza imefanya kazi miezi mingapi, kisha jaribu kuitengeneza upya na majivu ya Mwea.

Muanze na puli. Breki za bodaboda ziacheni kwanza, hadi vipimo vya kutosha viwe vimefanywa na shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, limeridhika. Puli ikifeli, unga unachelewa. Breki ikifeli, kuna mtu hafiki nyumbani.