Kumuaga Tajiri si Kumsaliti

Ndugu, yuko kijana mmoja wa Ujiji amekonda kwa mawazo. Miaka sita anaandika hesabu za dagaa kwa tajiri wake. Tajiri huyo hajachelewesha mshahara hata mwezi mmoja; na mama wa kijana alipougua, yeye ndiye aliyetoa nauli ya hospitali. Sasa kijana ameitwa kazi bandarini Kigoma kwa mshahara mkubwa zaidi, naye anaona haya kusema.

Twauliza: haya hiyo yatoka wapi? Wazee wetu wengi wa Kigoma waliandikishwa umanamba, wakaenda kukata mkonge Tanga. Sheria ya Waingereza ya 1923, ya mabwana na watumishi, ilimhesabu aliyetoroka kazi kuwa mhalifu, wa kutozwa faini au kufungwa. Sheria ile imekufa zamani, bali hofu yake ingali majumbani mwetu, imevaa kanzu ya shukrani.

Hata hivyo tusimdhulumu tajiri huyu. Nauli ile ilikuwa wema wa kweli. Kijana akitoweka usiku, daftari halijafungwa na magunia yangali stesheni, tutamlaumu sisi wa kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yamtaka mtu wa mshahara wa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28. Siku hizo zatosha kumfundisha karani mwingine.

Basi aende asubuhi, kabla mizani haijatundikwa, amwambie mzee kwa kinywa chake kabla mji haujamwambia. Na mama yake afuatane naye, kwani nauli ilikuwa yake.