Vigango vimerudi, wazee bado wamejificha

JAMVI LA WIKI
Na Bahati Mwachiro

Mwaka 2023 Makavazi ya Jimbo la Illinois, Marekani, yaliirejeshea Kenya vigango 37. Kwa asiyejua, kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa, ambayo Wagiriama humsimamishia mzee wa chama cha gohu akishafariki. Kwa miaka mingi vilikuwa vikiibwa vijijini na kuuzwa ng'ambo kama mapambo. Viliporudi tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia.

Sasa nauliza: mzee aliye hai tunamfanyia nini?

Katika Kaunti ya Kilifi vilikotoka vigango, mvi zimekuwa kosa. Wapo wazee wanaopaka nywele piko wasije wakaitwa wachawi. Wengine wamekatwa mapanga usiku, na mkono wa jamaa umo. Ukifukua kiini cha kesi, mara nyingi unakuta shamba ambalo mzee hajakubali kuligawa wala kuliuza. Kaya Godoma, huko Ganze, imekuwa kimbilio la waliotishiwa.

Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inampa mzee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Azimio la Haki za Binadamu la 1948 nalo linampa kila mtu haki ya kushiriki utamaduni wa jamii yake, wala halikuweka ukomo wa umri. Lakini anayejifungia ndani jua likizama atacheza ngoma gani? Ataketije kambini, yaani katika baraza la wazee, na wenzake, ikiwa tambiko la mvua laweza kumponza?

Mwaka 2009 UNESCO iliziweka mila za kaya, yaani misitu mitakatifu ya Mijikenda, Wagiriama wakiwamo, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Urithi huo umo vichwani mwa wazee: maombi, dawa, miiko ya msitu. Mzee akiuawa, anazikwa nao.

Nasi tunaojidai kuwaenzi, tunawaenzi vipi? Siku ya sherehe wanapiga kayamba mgeni rasmi akishuka garini, wanapewa soda na nauli, basi. Kamati iliyopanga sherehe haina hata mmoja wao.

Mekatilili wa Menza hakuwa pambo la jukwaani. Mwaka 1913, akiwa mjane na mtu mzima, alitumia ngoma ya kifudu kuwakusanya Wagiriama wakatae kodi na kazi ya shuruti ya Waingereza. Leo hii mama wa umri ule azunguke kijiji hadi kijiji, akicheza kifudu na kulisha watu kiapo, tungemwitaje? Jibu mnalijua.

Gavana na madiwani, wapeni wazee viti vyenye kura katika kamati za utamaduni, na wakifundisha shuleni walipeni kama walimu. Shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, ni za unga. Ujuzi una ujira wake. Polisi, mzee akiripoti vitisho, msingoje maziko ndipo mfungue faili. Nawe kijana unayelimezea mate shamba la babu, mahakama ya ardhi ipo. Nenda huko ukadai, umwache mzee na mvi zake.